Janti kubwa ao janti ndogo? Historia ya gurudumu la gari la mashindano, na mpira wake uliotoka Kongo



Tangu mwisho wa mwaka 2024, neno Formula One limeingia katika mazungumzo yetu. Mwezi wa Desemba mwaka huo, Rais Paul Kagame alitangaza mjini Kigali kwamba Rwanda inaomba kupokea mashindano hayo ya magari. Mwezi wa Februari 2025, Waziri wa Mambo ya Nje wa Kongo, Bibi Thérèse Kayikwamba Wagner, aliwaandikia wakuu wa Formula One akiwaomba wasiendelee na mazungumzo hayo, kwa sababu ya vita huku mashariki. Mambo hayo ya siasa yana vipindi vyake. Leo tunajibu swali lingine, ambalo fundi mmoja wa garaji alitutumia: juu ya nini magari yenye mbio kuliko yote duniani yalitumia kwa miaka mingi janti ndogo ya inchi 13, wakati vijana wetu wanakusanya pesa miezi mizima ili wavalishe taksi janti ya inchi 18?

Ni swali zuri. Jibu lake ni historia ya zaidi ya miaka 130, na ndani ya historia hiyo wako watu wetu, ijapokuwa vitabu vya mashindano ya magari haviwataji mara nyingi.

Maneno machache ya garaji kwanza

Tuelewane. Janti ni duara la chuma ao la aluminiamu. Mpira ndio unaovaa janti. Ubavu ni ile sehemu ya mpira inayosimama kati ya janti na barabara. Inchi ni kile kipimo ambacho mafundi wetu wanakiita pouce, sawa na sentimita 2.54.

Ukiangalia ubavu wa mpira utakuta maandishi kama 195/65 R15. Namba 195 ni upana wa mpira kwa milimita. Namba 65 inasema kwamba urefu wa ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, yaani karibu milimita 127. Herufi R inaonyesha namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, na 15 ni ukubwa wa janti kwa inchi. Ukijumlisha janti na mbavu mbili, ya juu na ya chini, unapata gurudumu zima lenye kimo cha milimita 634 na nusu.

Sasa chukua mpira wa 225/45 R17. Janti imekua kwa inchi mbili, lakini ubavu umepungua hadi milimita 101, na gurudumu zima lina milimita 634. Kimo ni kilekile. Kwa hiyo mtu anaposema «nimeweka gurudumu kubwa», mara nyingi ameongeza chuma na kupunguza mpira na hewa. Tukilishika jambo hilo, historia yote inayofuata itaeleweka.

Hewa inaingia ndani ya mpira

Magari ya kwanza yalitembea juu ya magurudumu ya mbao yenye bendi ya chuma ao ya mpira mgumu, kama magari ya farasi. Mwaka 1888, daktari wa wanyama aliyeishi Belfast, Mskoti John Boyd Dunlop, alipata hati ya mpira wenye hewa ndani. Alikuwa ameutengeneza kwa ajili ya kibaiskeli cha mtoto wake. Mwenzake mmoja wa Scotland, Robert William Thomson, alikuwa amewaza jambo hilo tangu miaka ya 1840, lakini wakati wake hakukuwa na baiskeli nyingi wala magari, na kazi yake ikasahaulika.

Huko Ufaransa, mjini Clermont-Ferrand, ndugu wawili André na Édouard Michelin walitaka kuonyesha kwamba mpira wa hewa unaweza kubeba hata gari. Mwaka 1895 waliingia katika mashindano ya kutoka Paris hadi Bordeaux na kurudi, safari ya kilomita zaidi ya 1,100. Mipira yao ilipasuka mara nyingi sana, na wengi waliwacheka. Aliyefika wa kwanza, Émile Levassor, alitumia mpira mgumu, na alikaa njiani karibu saa 49. Lakini wenye macho waliona jambo moja: gari la hewa halikuvunja watu migongo, na halikuvunja moteri kwa kutikisika. Baada ya miaka michache hakuna aliyetaka tena kushindana bila hewa.

Mpira huo ulitoka wapi?

Hapa ndipo historia inafika kwetu. Mpira wa baiskeli na wa magari hayo ulihitaji utomvu. Wakati ule mashamba makubwa ya miti ya mpira ya Asia yalikuwa hayajaanza kutoa mavuno mengi. Utomvu ulitoka msituni: Brazili, na Kongo.

Kuanzia 1885 hadi 1908, nchi yetu ilikuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Katika misitu ya Équateur, ya Kasai na ya pande za ziwa linaloitwa leo Mai-Ndombe, kulikuwa na mimea inayotambaa juu ya miti mikubwa, na ndani yake mlikuwa utomvu wa mpira. Baada ya ugunduzi wa Dunlop, bei yake ilipanda. Makampuni kama Abir na Anversoise yalipewa maeneo makubwa, na askari wa Force Publique walilazimisha vijiji kuleta kiasi fulani cha mpira. Wanawake walishikwa na kufungwa mpaka waume zao warudi kutoka msituni na mpira. Kijiji kilichokataa kilichomwa. Askari walipaswa kuonyesha kwamba hawakupoteza risasi, na ushahidi wao ulikuwa mikono iliyokatwa.

Dunia ilijuaje? Karani mmoja wa kampuni ya meli, E. D. Morel, aliangalia meli bandarini Antwerp. Aliona zinaleta mpira na pembe za tembo kutoka Kongo, lakini zinaporudi zinabeba bunduki na risasi, karibu bila bidhaa za biashara. Akaelewa kwamba mpira ule haukununuliwa, ulinyang’anywa. Konsuli wa Uingereza, Roger Casement, alipanda mto mwaka 1903 na kuandika alichosikia kwa wanakijiji. Taarifa yake ilitolewa mwaka 1904. Mwaka huohuo, mmisionari Alice Seeley Harris alipiga picha ya Nsala, baba aliyekaa barazani akitazama mkono na mguu wa binti yake Boali. Picha hiyo ilizunguka Ulaya na Marekani. Mwaka 1908, Leopold alilazimika kuiachilia Kongo, ikawa koloni ya Ubelgiji.

Hatusemi kwamba kila mpira ulioshindana mwaka 1900 ulitoka Kongo. Mwingi ulitoka Brazili, na mpira ulitumika pia kwa nyaya za simu, mabomba na mashine. Lakini mbio za baiskeli na magari ndizo zilizowafundisha watu wa Ulaya kutaka mpira wa hewa, na sehemu ya bei ililipwa na watu ambao hawakuona gari hata siku moja. Karibu na mwaka 1913 mashamba ya Asia yalianza kutoa mpira mwingi kuliko misitu, na Kongo ikasahauliwa. Siyo kwa muda mrefu: Wajapani walipoiteka Malaya mwaka 1942, Wabelgiji waliongeza siku za kazi za lazima kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka, na watu wakarudishwa msituni kutafuta mpira kwa ajili ya vita. Wazee wengi wa nchi hii waliisikia habari hiyo kwa wazazi wao.

Siku ambayo janti ilishinda

Neno janti lenyewe tulilipata kwa Wafaransa, na kuna siku moja ambayo janti ilishinda mashindano. Tarehe 26 na 27 Juni 1906, karibu na mji wa Le Mans, yalifanyika mashindano ya kwanza ya Grand Prix ya Ufaransa. Jumla ilikuwa kilomita 1,238 kwa siku mbili. Jua lilikuwa kali, lami iliyomwagwa barabarani iliyeyuka, na mawe yalirarua mipira.

Wakati ule, mpira ukipasuka, dereva na fundi wake walipaswa kuukata kwa kisu, kuuondoa kwenye gurudumu la mbao, kuvalisha mwingine na kuujaza hewa. Kazi hiyo ilichukua karibu robo saa. Michelin alileta njia mpya: janti inayofunguliwa, ikiwa imeshavikwa mpira wenye hewa tayari. Fundi anafungua nati chache, anatoa janti, anaweka nyingine. Dakika zisizofika nne. Janti hizo zilikuwa nzito kuliko magurudumu ya kawaida, na wengine waliogopa uzito huo. Ferenc Szisz, Mhungaria aliyeendesha gari la Renault, aliziweka nyuma tu. Alishinda kwa kuwatangulia wenzake zaidi ya nusu saa.

Somo la kwanza ni hilo: gurudumu bora si lazima liwe jepesi kuliko yote. Ni lile linalopunguza shida iliyo kubwa zaidi kwenye barabara hiyo. Mwaka 1906 shida kubwa ilikuwa kupasuka.

Miaka 18 baadaye, mwaka 1924, Ettore Bugatti alileta gari lake la Type 35 lenye magurudumu ya aluminiamu, na ngoma ya freni ndani yake. Mbao na spoku zilianza kuondoka. Kuanzia hapo watu walianza kuuliza swali tulilo nalo leo: kama chuma kinaweza kutengenezwa kwa kimo chochote, tuchague kimo gani?

Juu ya nini wadogo waliwashinda wakubwa

Kila kilo iliyo kwenye mpira ao pembeni mwa janti inafanya kazi mbili: inakwenda mbele pamoja na gari, na inazunguka. Moteri inapaswa kuisukuma kwa njia zote mbili. Kwa hiyo, gari linapoongeza mbio, kilo moja iliyo pembeni kabisa mwa gurudumu ni karibu sawa na kilo mbili zilizowekwa ndani ya gari. Freni nazo zinalipa bei hiyohiyo wakati wa kusimama. Tena, uzito wa gurudumu haubebwi na springi. Gurudumu zito likipiga shimo linaruka na kuchelewa kurudi chini, na mpira ulio hewani haushiki barabara.

Kisha kuna kimo chenyewe. Gurudumu fupi linazunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilomita, kama gari lililo katika gia ya chini: linaondoka haraka, lakini moteri inapiga kelele ikifika mwendo mkubwa.

Mfano unaojulikana sana ni Mini ya Uingereza. Baada ya mgogoro wa Suez wa 1956, petroli ilikuwa haba, na fundi Alec Issigonis aliagizwa kuchora gari dogo. Alitaka watu wanne wakae ndani ya gari lenye urefu wa mita 3.05. Ili magurudumu yasile nafasi ya abiria, aliomba kampuni ya Dunlop itengeneze mpira wa janti ya inchi 10 tu. Gari lilitoka mwaka 1959, na watu walilicheka kama mchezo wa watoto. Mwaka 1964 Paddy Hopkirk alishinda nalo Rally ya Monte Carlo, katika theluji na milima, mbele ya magari yenye moteri kubwa. Mini ilishinda tena mwaka 1965 na 1967.

Lakini Mini ilionyesha pia ubaya wa janti ndogo. Ndani ya inchi 10 nafasi ya freni ni ndogo mno, na freni za diski za Mini Cooper ya kwanza hazikupita inchi 7. Na gurudumu dogo linaingia ndani zaidi ya kila shimo. Yeyote aliyesukuma toroli barabarani anajua hilo.

Gari la magurudumu sita

Katika Formula One, tangu mwisho wa miaka ya 1960 hadi 2021, janti ya kawaida ilikuwa ya inchi 13, yenye mpira mpana na ubavu mrefu. Ubavu huo ulikuwa kazi ya springi: gari lenyewe lilikuwa gumu sana, na sehemu kubwa ya kutikisika ilimezwa na mpira. Baadaye kanuni ziliiweka inchi 13 kuwa sheria, na sheria hiyo ilizuia pia timu zisiweke freni kubwa kupita kiasi.

Mtu mmoja alijaribu kwenda chini zaidi. Derek Gardner, mhandisi wa timu ya Tyrrell, aliona kwamba mipira ya mbele inayojitokeza inazuiwa na upepo. Akachora gari lenye magurudumu manne madogo mbele, ya janti ya inchi 10, yaliyojificha nyuma ya bawa, na mawili makubwa nyuma. Magurudumu sita! Liliitwa P34. Tarehe 13 Juni 1976, kule Anderstorp nchini Sweden, Jody Scheckter alifika wa kwanza na mwenzake Patrick Depailler wa pili. Mwisho wa mwaka timu ilishika nafasi ya tatu.

Mwaka uliofuata gari hilohilo lilikuwa mzigo. Sababu moja kubwa ilikuwa mpira. Goodyear ilikuwa ikiboresha mipira ya kawaida kila mara, kwa sababu timu zote zilihitaji hiyo. Mpira wa inchi 10 ulihitajiwa na timu moja tu, kwa hiyo ulibaki nyuma. Nyuma ya gari mpira ulikuwa wa kisasa, mbele ulikuwa wa jana. Gari la magurudumu sita likaachwa, na mwaka 1983 kanuni zilikataza kabisa zaidi ya manne.

Linganisheni sasa. Inchi 10 ya Mini ilifanikiwa, kwa sababu Mini ziliuzwa zaidi ya milioni 5 hadi mwaka 2000, na mtengeneza mpira alikuwa na sababu ya kufanya kazi. Inchi 10 ya Tyrrell ilikufa. Chuma kilikuwa kimoja, lakini soko lilikuwa tofauti. Somo la pili: usichague janti ambayo mpira wake haupatikani.

Inchi 18 zilitoka wapi?

Mwaka 2022 Formula One iliacha inchi 13 ikachukua inchi 18, kwa mipira ya Pirelli. Vijana wengi walisema: mmeona, hata wakubwa wamekubali. Lakini tuangalie sababu zake.

Kwanza, magari ya kawaida ya leo yanavaa janti kubwa, na mtengeneza mpira anataka kile anachojifunza kwenye mashindano kifanane na kile anachouza dukani. Pili, ubavu mfupi haupindi sana, kwa hiyo gari linajibu usukani upesi, na wahandisi wanaweza kukadiria vizuri zaidi jinsi upepo unavyopita. Tatu, kulikuwa na nafasi ya freni: diski za mbele zilikua kutoka milimita 278 hadi 328. Bei yake ni uzito. Gari lililoruhusiwa kuwa na kilo 752 mwaka 2021 lilipaswa kuwa na kilo 798 mwaka 2022, na magurudumu mapya yalikuwa sehemu ya ongezeko hilo. Madereva nao walilalamika juu ya migongo, kwani ule ubavu uliomeza matuta ulikuwa umeondoka na gari lilikuwa karibu sana na ardhi.

Sababu hizo tatu zote zinatoka mahali penye lami laini kama meza, ambapo gari linafagiliwa njia kabla ya kupita. Hakuna hata sababu moja inayosema kwamba inchi 18 ni nzuri kwa mawe.

Gari moja, janti mbili

Anayetaka ushahidi ausome katika rally. Katika mashindano ya dunia ya rally, gari lilelile linavaa janti ya inchi 18 likikimbia kwenye lami, na janti ya inchi 15 likikimbia kwenye udongo na mawe. Dereva hakubadilika, moteri haikubadilika. Barabara imebadilika, basi janti inashuka na ubavu wa mpira unapanda. Pesa zote za timu hizo zinaweza kununua janti yoyote, na bado kwenye mawe wanachagua ndogo.

Na udongo huo ni wa jirani zetu. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 2021 ilirudi katika mashindano ya dunia, huko Naivasha. Pale wageni kutoka Ulaya wanajifunza upya kila mwaka kwamba jiwe halimjui bingwa.

Hata kabla yao, mwaka 1924, Citroën ilipotuma msafara wa magari manane kuivuka Afrika kutoka Algeria, magari hayo yalipita Kongo ya Wabelgiji kabla ya kufika Uganda. Nyuma hayakuwa na magurudumu ya kawaida kabisa. Yalikuwa na ukanda wa mpira unaozunguka, kwa sababu walijua hakuna janti itakayoweza mchanga wa Sahara na matope ya msitu kwa safari moja.

Na sisi hapa?

Barabara zetu mnazijua: mawe ya volkano, matope, mashimo yenye maji ambayo hujui kina chake. Mafundi wa Kivu walishajibu swali hili zamani, bila kusubiri Formula One. Angalieni chukudu. Magurudumu yake ni madogo, ya mbao ngumu, na juu yake wanapigilia kipande cha mpira wa gari uliochakaa. Udogo huo unaweka mzigo chini ili usipinduke, na gurudumu fupi la mbao ni gumu kuvunjika. Ndiyo maana linabeba mamia ya kilo za viazi, makala na mbao. Ndilo lililobeba magodoro na sufuria za familia nyingi zilizokimbia. Mtengeneza chukudu alichagua kimo kulingana na mzigo na barabara, na mpira wake ni ule ambao anaupata jirani.

Kwa wenye taksi na mabasi madogo, historia hii inatoa mashauri machache.

Moja: fuata ukubwa ulioandikwa na aliyetengeneza gari. Mara nyingi umebandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva.

Mbili: ukibadilisha janti, usiache kimo cha gurudumu zima kibadilike sana. Ukitoka 195/65 R15 ukaweka 225/55 R17, gurudumu linakua kwa asilimia 7. Kaunta ikisema 60, wewe uko kwenye 64. Freni nazo zinapaswa kusimamisha gurudumu refu zaidi kuliko lile zilizotengenezewa.

Tatu: kwenye mawe, ubavu mrefu ni rafiki. Ubavu mfupi ukipiga ukingo wa shimo, chuma kinaugonga mpira na kuukata kwa ndani. Hutaona kitu siku hiyo. Utaona kesho kwenye mteremko, ukiwa na abiria kumi.

Nne: ukinunua mpira wa okazio, usitazame meno peke yake. Tafuta kwenye ubavu namba nne zilizofungwa katika kiduara kirefu. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka: 2312 ni juma la 23 la mwaka 2012. Mpira wa zamani hivyo umekauka, hata kama unang’aa.

Tano: kabla ya kulipa janti, uliza sokoni kama mpira wake unapatikana, na kwa bei gani. Wewe si Goodyear. Hata Tyrrell ilishindwa hapo.

Tunajua janti inayong’aa inamfurahisha kijana, na hakuna anayemkataza. Lakini anayepanda nyuma ni mama anayetoka sokoni, ni mgonjwa anayepelekwa hospitali, ni familia inayobadilisha makao kwa mara ya tatu. Hao hawakuchagua janti. Babu zao nao hawakuulizwa mpira wa wengine ulikuwa wa kazi gani, walilipa tu. Mwenye gari yeye anaweza kuchagua, na achague kwa ajili ya barabara iliyo mbele yake.